Kabla ya Kumnunulia Mtoto Daluga



Shule zinapofungwa, mitaa ya Morogoro hugeuka viwanja. Kutoka Mji Mpya hadi Kihonda, kutoka Kichangani hadi Bigwa chini ya mlima, utawakuta watoto wamepanga mawe mawili huku na mawili kule, nao wanasakata kandanda mpaka magharibi. Ndipo ombi linapoingia nyumbani: “Baba, naomba daluga.” Mzazi anayeishi kwa mshahara wa mwezi, au kwa pato la siku, hujikuta njia panda. Akinunua, huenda fedha ya daftari na unga ikapungua. Asiponunua, huona kwamba amemnyima mwanawe mchezo. Baadhi ya wanaofundisha watoto nao huliongezea jambo hili uzito wanapomwamuru asiye na viatu akae pembeni awatazame wenzake.

Leo tunazungumza na wazazi, pamoja na vijana wenyewe wanaotaka kuanza kucheza mpira wa miguu. Neno letu ni hili: kukosa daluga si sababu ya kumzuia mtoto kujifunza mpira. Yapo, hata hivyo, mambo machache ya usalama ambayo hayafai kupuuzwa hata kidogo. Mzazi akiweza kutenganisha kinachohitajika na kinachopendeza, ataokoa fedha yake na pia mguu wa mwanawe.

KUCHEZA PEKU

Kucheza bila viatu hakukuanzia mitaani kwetu. Mwaka 1949 timu ya Nigeria ilizuru Uingereza, na mwaka 1956 timu ya Uganda nayo ikafanya ziara kama hiyo. Wengi wa wachezaji hao waliwakabili Waingereza waliovaa viatu ilhali wao wenyewe wakiwa peku. Siku hizi Sheria ya 4 ya mchezo huu inamtaka kila mchezaji avae fulana yenye mikono, bukta, soksi, kinga za ugoko na viatu. Hiyo, lakini, ni sheria ya mechi. Mtoto anayejifunza kutuliza mpira nyuma ya nyumba hayuko katika mechi.

Tena mguu mtupu hufundisha. Mtoto huusikia mpira, akajua upesi tofauti ya kuupiga kwa ncha ya vidole, ambako humuumiza na kuupeleka kombo, na kuupiga kwa upande wa ndani wa wayo, ambako humtii.

Hatari nazo zipo. Msumari na kigae cha chupa hujulikana na kila mtu. Kuna pia funza, na minyoo ya safura ambayo hupenya katika ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa kwa kinyesi. Kwa hiyo kabla ya mpira kuwekwa kati, watoto wote wapange mstari mmoja, watembee polepole kutoka goli moja hadi jingine, na kila mmoja aokote anachokiona mbele yake. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Mtoto akiumia, jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kisha lifunikwe. Likiwa ni la kuchomwa na msumari, au limeingiwa na udongo, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwa maana pepopunda haingoji kesho.

Jambo la pili linasahauliwa sana. Ajali mbaya hutokea pale wenye viatu na wasio na viatu wanapochanganywa, kwani mguu wa peku hauna kinga mbele ya njumu, yaani yale meno yaliyo chini ya daluga. Basi kanuni iwe moja: wote peku, au wote na viatu. Mtoto mmoja tu akiwa na daluga, azivue kwa siku hiyo, naye hatapungukiwa na kitu. Ni haki zaidi kuliko kumkalisha chini yule asiye nazo.

Tuonye pia kuhusu kuoga. Mchezo ukiisha, watoto wenye jasho hukimbilia mtoni au bwawani. Maji yaliyotuama, au yaendayo polepole, yaweza kuwa na konokono waenezao kichocho. Afadhali ndoo moja ya maji nyumbani.

MPIRA KWANZA

Kifaa cha kwanza kununuliwa ni mpira, na si lazima ununuliwe na mtu mmoja. Wazazi wa nyumba kumi za mtaa mmoja wakichanga kidogo kidogo, watapata mpira mzuri kuliko ule ambao kila mmoja angejinunulia peke yake, na watoto wao watakuwa na sababu ya kucheza pamoja. Achaguliwe mzazi mmoja wa kuutunza na kuutoa saa za jioni.

Mipira hupangwa kwa namba. Ule wa mechi za watu wazima ni namba 5, wenye mzingo wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Huo ni mkubwa na mzito kwa mtoto wa darasa la pili. Akiupiga, hujifunza kutumia nguvu badala ya ufundi. Kwa wenye umri wa miaka 8 hadi 12 hufaa namba 4, ambao uzito wake ni kiasi cha gramu 350 hadi 390. Wadogo zaidi wapewe namba 3. Usijazwe upepo hadi ukawa kama jiwe. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, ubonyee kidogo.

Mpira wa chandimu, ule wa matambara na nailoni uliofungwa kwa kamba, tusiudharau. Haudundi sana, hivyo hukaa karibu na mguu, na mtoto hujifunza chenga na pasi fupi. Upungufu wake ni huo huo wa kutodunda: anayeutumia peke yake hushindwa kuutuliza mpira unaotoka juu. Bora avitumie vyote viwili.

KINGA ZA UGOKO, KISHA VIATU

Baada ya mpira, kwa yule aliyeanza kucheza na wenzake kwa kushindana, tunashauri kinga za ugoko kabla ya daluga. Ugoko hauna nyama ya kuukinga, na teke moja laweza kumlaza mtoto kwa majuma kadhaa. Kinga hizi huvaliwa chini ya soksi ndefu. Mazoezini, mzazi ambaye hajazinunua aweza kukata boksi gumu kwa umbo la ugoko, akalizungushia kitambaa, likashikwa na soksi. Kinga hiyo haitoshi kwa mechi, lakini ni bora kuliko mguu mtupu.

Sasa viatu. Morogoro ina kumbukumbu yake kuhusu bidhaa hii. Miaka ya 1970 kulijengwa hapa kiwanda kikubwa cha viatu kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa matumaini ya kutengeneza mamilioni ya jozi kila mwaka na kuziuza nchi za Ulaya. Kiwanda hicho hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, nacho kikafungwa. Mzazi aendaye dukani anaweza kuchukua funzo hapo: kiatu hupimwa kwa mguu utakaokivaa na ardhi kitakayoikanyaga, wala si kwa sifa zake za mbali.

Ardhi yetu ni ya namna mbili. Mjini, miezi ya kiangazi, uwanja hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Hapo raba ya kawaida yenye soli ya mpira inatosha kabisa kwa anayeanza. Njumu ndefu humtesa, kwani haziingii ardhini. Milimani Uluguru, kule Mgeta, Matombo au Kinole, na hata mjini wakati wa masika, udongo huteleza. Hapo daluga zenye njumu fupi za plastiki zilizoumbwa pamoja na soli ndizo zifaazo. Njumu za chuma mtoto hazihitaji.

Aendaye kununua aende na mtoto mwenyewe, wakati wa alasiri, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mtoto avae soksi atakazochezea, asimame, atembee. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, basi. Tunajua mazoea ya kununua kiatu kikubwa “ili akue nacho.” Kwa sare ya shule yaweza kufaa, lakini daluga inayopwaya huchubua kisigino na kutegua kifundo.

Viatu vya mtumba si aibu, na mara nyingi huwa imara kuliko vipya vya bei ya chini. Vikague. Kunja soli uone kama imepasuka, vuta kidogo mahali soli inapoungana na ngozi uone kama gundi imeachia, kisha ingiza mkono ndani ya kisigino uone kama hakuna kitu kinachochoma. Palipoachia kidogo, fundi viatu wa mtaani atapashona kwa gharama ndogo. Baada ya kucheza kwenye tope, futa udongo ungali mbichi, jaza magazeti ndani ya kiatu, hata hili baada ya kulisoma, na ukianike kivulini. Usikiweke karibu na jiko, kwani moto huikausha gundi na kuikakamaza ngozi.

Glavu za kipa, jezi yenye jina mgongoni, na begi la michezo vyaweza kungoja. Fulana na bukta iliyopo nyumbani zinatosha.

JINSI YA KUANZA

Anayeanza asipewe uwanja mzima. Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwenda juu; mtoto wa miaka tisa akisimama hapo hupotea. Pima hatua nne kati ya mawe mawili, gawa watoto wanne kwa wanne, na kila mmoja atagusa mpira mara nyingi. Wakiwa kumi na mmoja kila upande, wanyonge hukimbia jioni nzima bila kuugusa.

Dakika kumi za mwanzo ziwe za kukimbia polepole na kunyoosha viungo. Kumi zifuatazo, wawili wawili wapeane pasi kwa upande wa ndani wa mguu, wakiwa umbali wa hatua sita, kwanza kwa mguu wa kulia kisha wa kushoto. Anayepokea aurudishe mguu nyuma kidogo mpira unapomfikia, kama mtu adakaye yai, ili mpira ufe mguuni. Kisha wapite na mpira kati ya mawe yaliyopangwa mstari, vichwa juu. Danadana ni nzuri, lakini zisiwe ndizo mazoezi yote. Mwishoni wacheze mechi yao, na kila nusu wabadilishane magoli. Penye mteremko, kama ilivyo milimani, utaratibu huo ndio haki yenyewe: aliyeshuka naye apande.

Mpira wa kichwa uachwe kwa watoto wadogo. Mwaka 2015 Shirikisho la Soka la Marekani liliamua kuuzuia kwa watoto wa miaka 10 na chini yake, kwa ajili ya kulinda ubongo wao. Maji ya kunywa yawepo pembeni, na jua kali liepukwe.

NA BINTI JE?

Yote tuliyoyasema yanamhusu binti sawasawa. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, ilicheza Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Wazazi wanaohofia stara wajue kwamba tangu mwaka 2014 sheria za mchezo zinaruhusu kufunika kichwa, na suruali ya kubana yaweza kuvaliwa chini ya bukta. Kitakachomzuia binti ni saa zake za jioni, iwapo zote zimekwenda kwenye kuchota maji na kuosha vyombo huku kaka yake yuko uwanjani. Hilo halihitaji fedha. Linahitaji mgawanyo wa kazi nyumbani.

Mkoa huu unajua mpira. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975, nayo Mtibwa Sugar, kutoka kwenye mashamba ya miwa ya Turiani, ikautwaa mwaka 1999 na 2000. Si kila mtoto atafika huko, wala si lazima afike. Yatosha akapata afya, marafiki, na mazoea ya kushindwa bila kugombana.

Basi, ndugu mzazi, shika mpangilio huu: uwanja uliosafishwa, mpira wa pamoja, kinga za ugoko, kisha viatu vinavyomtosha, fedha itakaporuhusu. Na jioni ya leo pita pale watoto wanapochezea. Ukimkuta mmoja ameketi pembeni kwa kukosa viatu, waombe wenzake wavue vyao, naye aingie.

Jumapili ijayo tutaeleza kazi ya kila mchezaji uwanjani, kuanzia mlinda mlango.