YAYA NAYE ANA MASAA



Twaandika habari hii tukijua ya kuwa wengine wenu mtaikasirikia. Kasirikeni, lakini someni mpaka mwisho.

Alikuja ofisini kwetu mwanachama mmoja, mama afanyaye kazi ya hoteli hapa Nairobi, mtu ambaye ada yake ya chama haichelewi. Safari hii hakuja kumshtaki tajiri wake. Alikuja kumshtaki yaya wake. "Msichana huyu nimemwandika wiki 2 tu," akasema, "na tayari amenianzia kuhesabu saa. Jumamosi nimeitwa kazini, yeye aniambia ni ofu yake. Ofu gani, na mtoto nimwache na nani?"

Tukamwuliza, siku ya kwanza mlipatana vipi? Akajibu, "Nilimwambia akae na mtoto mpaka nirudi."

Mpaka nirudi! Ndugu zetu, kama tajiri wa hoteli angemwambia mama huyu, "Pika mpaka nishibe," angalikuwa ofisini kwetu kabla ya jua kutua, na sisi tungeandika barua kali siku ile ile. Kwake mwenyewe maneno hayo hayo aliyaona ni mapatano.

Tukaomba yaya naye aje. Alikuja na mtoto mgongoni, maana hakuwa na wa kumwachia. Akaamkia, akakaa, akasema polepole: "Mama, mimi sikukataa kazi. Naamka saa 11 alfajiri nimtayarishe yule mkubwa aende shule. Nalala saa 3 usiku, na huyu mdogo nalala naye, akilia naamka. Uliniambia Jumamosi jioni na Jumapili ni zangu. Sasa naambiwa Ijumaa usiku kwamba si zangu tena."

Tulichukua karatasi tukahesabu mbele ya wote wawili. Kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku ni saa 16. Tukatoa saa 2 za kula na kupumzika, mtoto akiwa amelala. Zabaki 14. Kwa siku 6 ni saa 84, na zile za usiku wa kuamka hatukuzitia. Amri ya mishahara ya nchi hii yasema wiki ya kazi ya kawaida ni saa 52 kwa siku 6. Basi msichana huyu alikuwa akitoa saa 32 za ziada kila wiki bila senti. Kwa amri ya mwaka 2024, mshahara wa chini wa kazi hii katika miji mikubwa ulikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na nyumba. Ukiugawa kwa 225, kama amri inavyotaka, na kuongeza nusu kwa ajili ya ziada, kila saa moja ni shilingi 107 na senti kadhaa. Zidisheni wenyewe.

Mama yule alinyamaza kidogo. Halafu akasema neno ambalo tumelisikia mara nyingi: "Lakini huyu ni kama mtoto wangu. Anakula kwangu, analala kwangu."

Neno hilo twalijua lilikotoka. Ndilo walilokuwa wakiambiwa maboi na mayaya katika nyumba za wazungu, waliolala vibanda vya nyuma na kuitwa kwa kengele saa yo yote ya usiku. Watu wale hawakulikubali. Katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, pamoja na makuli wa bandari na watu wa reli, watumishi wa nyumbani nao waliacha majiko yakapoa. Leo mjukuu wa boi yule ana yaya wake, na amelirithi neno la bwana. Mtoto wako hungemfukuza kwa sababu ameomba Jumapili yake.

Tena kuna jambo lililotuuma zaidi, nalo twalisema wazi. Chama hiki kilipigania malipo ya ziada ya mama huyu hotelini, na akayapata. Lakini kila saa ya ziada aliyolipwa kule, kulikuwa na mwanamke nyumbani kwake aliyefanya saa hiyo hiyo bure. Nani basi aliyebeba ushindi wetu kichwani?

Msituambie sheria haimjui yaya. Sheria ya Kazi ya 2007 haikumweka nje. Yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iandikwe, na kuandika ni juu ya mwajiri. Karatasi hiyo ionyeshe saa za kazi, na asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Saa zikibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na ampe mabadiliko kwa maandishi; kumpigia kelele mlangoni Ijumaa usiku si kushauriana. Siku 1 ya mapumziko katika kila 7 ni haki yake. Mkifika mahakamani bila karatasi, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha mlivyopatana. Na wale wenye kusema "yuko kwa majaribio" wajue kuwa hata wa majaribio hupewa notisi ya siku 7 au mshahara wa siku hizo. Huko Geneva mwaka 2011 mataifa yalipatana kwamba wakati ambao mtumishi wa nyumbani hana uhuru wa kujiendea, anangoja tu aitwe, usihesabiwe kuwa wake wa kupumzika. Yaya alalaye na mtoto mchanga anangoja aitwe.

Hatusemi yaya hana kosa. Wako waendao ofu Jumapili wakarudi Jumatatu adhuhuri, simu imezimwa, na mama amekatwa mshahara wa siku kwa sababu yao. Hilo ni kosa, na tulimwambia msichana yule hivyo, ingawa yeye hakulifanya.

Lakini tulipochimba zaidi tuliona mzizi uko mahali pengine. Mama huyu hajui wiki ijayo atafanya zamu gani. Ratiba ya hoteli yao hubandikwa ukutani Ijumaa jioni, kwa kazi inayoanza Jumamosi asubuhi. Tajiri amtupia yeye, naye amtupia yaya, na yaya hana wa kumtupia. Huyo wa juu ndiye wa kushikwa shati, lakini ni rahisi zaidi kumfokea msichana wa jikoni, nasi wote twajua kwa nini.

Walipatana pale pale. Yaya aanze saa 12 na nusu asubuhi, na mama mwenyewe amwamshe yule mkubwa. Alasiri apumzike saa 2 kamili. Saa 11 na nusu jioni yaya ameweka kazi chini. Siku ya zamu ya jioni, mama alipe saa za ziada, au azirudishe asubuhi ya pili. Usiku mtoto alale na mama yake, ila siku za zamu ya usiku, nazo zalipwa. Jumapili ni ya yaya. Ikilazimu aifanye, aambiwe kabla ya Alhamisi, naye ana ruhusa ya kukataa. Akikubali, alipwe mara mbili. Mama alilia kidogo juu ya pesa, na si uongo, mshahara wake si mkubwa. Alikata kwingine. Karatasi ziko mbili, kila mmoja ana yake.

Barua kwa tajiri wa hoteli imekwisha kwenda, kutaka ratiba ibandikwe wiki 2 mbele. Twangoja jibu. Wanachama wa hoteli nyingine wenye shida hiyo walete nakala za ratiba zao ofisini, na wenye yaya wasio na karatasi waje nao, tutawaandikia bure.