Waimbaji wa kantri walitoka nyumba za akina yahe

Kama ulilelewa katika nyumba yenye redio hapa Kenya, bila shaka unaifahamu sauti ya Jim Reeves. Ni ile sauti nzito, tulivu, ambayo ikianza Jumapili asubuhi mzee huketi na hataki kusumbuliwa na yeyote. Lakini je, umewahi kujiuliza waimbaji hawa walizaliwa katika nyumba za aina gani?

Wengi hudhani walikuwa watoto wa matajiri wenye farasi na mashamba makubwa. La hasha!

Tuanze na Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mnyapara wa reli, na mamake alifariki Jimmie angali mdogo. Yeye pia alifanya kazi ya reli hadi kifua kikuu, kilichogunduliwa mwaka wa 1924, kilipomwondoa. Akashika gitaa. Alirekodi mara ya kwanza mjini Bristol mnamo Agosti 4, 1927, na kufikia Mei 1933 alikuwa kaburini, akiwa na umri wa miaka 35. Siku mbili kabla ya kufa alikuwa bado studioni.

Usiseme hayo ni ya mbali. Mwaka wa 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba mtu aitwaye "Chemirocha". Ndiye Jimmie Rodgers huyo huyo! Santuri zilikuwa zimemfikisha huku, na wenyeji wakampa jina linalotamkika.

Jim Reeves naye alizaliwa Texas tarehe 20 Agosti 1923. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, mama akabaki na watoto wengi. Ndoto ya Jim ilikuwa kucheza besiboli, lakini jeraha likaikatiza. Akaenda kutangaza redioni, na sauti iliyosoma matangazo ndiyo iliyokuja kuimba. Ajali ya ndege ilimuua Julai 31, 1964.

Wiki nne tu baada ya kuzaliwa kwa Reeves, Septemba 17, 1923, Hank Williams alizaliwa Alabama. Babake alilazwa hospitalini kwa miaka mingi, mama akalea familia kwa kupangisha vyumba. Aliyemfunza Hank gitaa ni Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa mitaani, wakati ambapo sheria za jimbo hilo ziliwatenga Weusi na Wazungu. Payne hakuwa na mali, ila alikuwa na ujuzi, akaugawa.

Na Dolly Parton? Alizaliwa Januari 19, 1946 katika kibanda cha chumba kimoja milimani Tennessee, wa nne kati ya watoto 12. Daktari aliyemzalisha mamake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Baadaye mama alimshonea koti la vitambaa, wenzake shuleni wakamcheka. Koti hilo ndilo alilolitungia wimbo uliotoka mwaka wa 1971. Babake hakujua kusoma, na kwa sababu hiyo Dolly alianzisha mpango wa kuwapa watoto vitabu mwaka wa 1995. Vilivyogawanywa vimepita milioni 200.

Sasa turudi nyumbani kwako, mzazi. Mtoto akiomba gitaa, unamwambia kwamba muziki ni kazi ya walevi. Hofu yako ina msingi: pombe na dawa zilimharibu Hank, akafa Januari 1, 1953 akiwa na miaka 29 tu. Lakini pombe hakuifunzwa na gitaa. Mtoto aliyekatazwa muziki anaweza kulewa vile vile.

Haikupasi kuuza ng'ombe ununue ala. Mruhusu saa moja baada ya kazi ya shule. Mtafutie mtu mzima mwadilifu anayejua kupiga, hata kama ni yule fundi wa viatu anayeimba kwaya. Nawe mwanafunzi, usitupe vitabu. Reeves alipokosa besiboli, aliokolewa na kazi nyingine aliyoiweza.

Leo mzee akifungulia redio, muulize ni nani aliyemfunza kuupenda muziki huo. Huenda ukasikia kisa ambacho hajawahi kukusimulia.