Picha iko, sauti hakuna

Wamama wenzetu, wengi tumeona jambo hili: filamu inaanza, picha ni safi, lakini spika ziko kimya. Mbele ya kupakia mashine ya DVD kwa pikipiki kwenda kwa fundi Kasongo, tuangalie waya.

Kama ni waya nyekundu na nyeupe, tuhakikishe zimeingia sawa kwenye mashine na kwenye ampli.

Kama ni waya moja ya sauti ya kidijitali, tufungue menyu kwa telekomandi, tuingie Audio, kisha sauti ya kidijitali. Tutakuta PCM na Bitstream; mashine zingine huandika RAW. Bitstream hutuma sauti ikiwa ingali imefungwa, na ampli isiyoweza kuifungua hunyamaza. Kwa PCM, mashine yenyewe huifungua na kuituma tayari. Basi tupunguze sauti ya ampli, maana inaweza kurudi kwa nguvu, kisha tuchague PCM.

Akiba ya kikundi ni ya mbegu na ya masomo ya watoto. Tusiitumie kutengeneza kitu kisichoharibika.