Dogo wa Ilongero Kapigwa 180,000 kwa Ajili ya "Katuni". Mnaocheka, Njooni Hapa Kidogo

Wadau, ile skrini shoti ya wiki iliyopita mliiona wote. Staa mmoja wa mtandaoni, jina kapuni, alipost meseji ya kijana aliyekuwa anamwomba amrudishie hela yake. Meseji ndefu, ya heshima, "shikamoo kaka" imo, "samahani kwa usumbufu" imo. Staa kaiweka stori na emoji za kulia kwa kicheko, juu yake kaandika: mtu mzima unalilia katuni. Komenti zikashuka kama mvua. Mshamba. Bwege. Akalime.

Sitajifanya msafi. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nilipoona tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu ambazo staa alisahau kuzifuta, nikanyamaza. Ile namba ninayo. Ni ya mtoto wa mama yangu mdogo, yuko Ilongero.

Kwa msiopajua, Ilongero ni huko kaskazini ukitoka Singida mjini. Alizeti, mtama, vitunguu, na kuku wa kienyeji ambao nyie mnawalilia hapa Dar mkiambiwa "huyu wa Singida". Dogo anafuga. Ana simu ya kawaida yenye kioo kilichopasuka kona moja, ana pawabanki, na anacheza Pokémon GO kwa nidhamu ambayo mimi sina hata kwenye kazi yangu. Nilimpigia. Mwanzo akakataa, "hapana kaka, siyo mimi". Halafu kimya. Halafu akanielezea yote.

Staa alikuwa anauza akaunti. Ndani ya akaunti kuna viumbe adimu, wale wanaotolewa kwenye promosheni na matamasha maalumu tu, wengine wamevalishwa kofia na nguo za siku hiyo ambazo hazirudi tena. Bei 180,000. Dogo akauza kuku tisa. Hela ikaenda, paswedi ikaja, na kwa siku tisa (kuku tisa, siku tisa, kila siku aliila na kuku mmoja) dogo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilaya nzima. Siku ya kumi akaunti ikagoma kufunguka. Mwenye imeili ya mwanzo alibonyeza "nimesahau paswedi", akaichukua akaunti yake. Dogo kutuma meseji, kablokiwa. Meseji ile mliyoisoma alituma kwa namba nyingine, ya kuazima.

Sasa twende taratibu, maana najua tayari kuna mtu anaandika komenti kwamba kuuza na kununua akaunti ni kinyume na masharti ya gemu. Ni kweli. Dogo alikosea, na nimemwambia. Lakini niambieni kwa nini soko hilo lipo. Hakuna anayeuza akaunti kwa ajili ya viumbe wanaozurura kila kona. Kinachouzwa ni kile ambacho mnunuzi hana njia nyingine yoyote ya kukipata, na kilifanywa hivyo kwa makusudi.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko wengi wenu. Mwaka 1996 gemu la kwanza la Pokémon lilitoka Japani likiwa na viumbe 150. Mtengenezaji mmoja, Shigeki Morimoto, akamchomeka wa 151 kimyakimya, Mew, kwenye nafasi ndogo iliyobaki kwenye kaseti dakika za mwisho. Ikaja kujulikana, kampuni ikatangaza bahati nasibu kupitia jarida la watoto la CoroCoro: washindi 20 tu, tuma kaseti yako tukuwekee Mew. Waliomba watu kama 78,000. Ishirini kwa elfu sabini na nane! Mauzo ya gemu yakapaa. Hapo ndipo wenye akili za biashara walipoelewa kwamba unaweza kutengeneza hamu kwa kutompa mtu kitu.

Kuanzia hapo ikawa utaratibu. Kiumbe yumo ndani ya gemu ulilonunua kwa hela yako, ila humpati mpaka siku fulani, duka fulani, mji fulani. Mwaka 2016, wakisherehekea miaka 20, walitoa viumbe hao wa hadhi ya juu mwezi baada ya mwezi. Miezi mingine unampakua kwa intaneti popote ulipo, safi kabisa. Lakini Mew mwenyewe, wa Februari, ukiwa Marekani ulimfuata kwenye maduka ya GameStop kuchukua kikaratasi cha kodi. Sasa nitafutie GameStop hapa Msufini.

Pokémon GO ikaja Julai mwaka huohuo, ikaanzia Australia, New Zealand na Marekani. Afrika tukasubiri miezi, wajanja wakishusha faili za pembeni. Na lilipofika, lilifika na ramani yake. Vile vituo vya kuchukulia mipira na vifaa vilitokana na gemu la nyuma la kampuni hiyohiyo, Ingress, ambapo wachezaji wenyewe ndio walikuwa wanapendekeza sehemu: sanamu, kanisa, mnara, mchoro ukutani. Unaona tatizo lilipo? Palipokuwa na wachezaji wengi pakapata vituo vingi. Pasipokuwa na mtu wa kupiga picha mnara, mnara haupo. Dogo huwa anasubiri siku ya kupeleka kuku mjini, anafika maeneo ya Singida mjini anazungusha vituo mpaka mpira wa mwisho, anarudi Ilongero na akiba ya wiki kama mtu aliyekwenda kununua sukari na mafuta ya taa.

Juu ya hapo ongeza matamasha. Lile la kwanza kubwa, Chicago, Julai 2017, tiketi zilinunuliwa, watu wakasafiri, mtandao ukazidiwa gemu likagoma. Kampuni ikarudisha hela za tiketi, ikawapa waliohudhuria sarafu za gemu za dola 100, na kiumbe mmoja mkubwa, Lugia, akawekwa kwenye akaunti zao. Sina ubaya na hilo, walisumbuka. Ila tazama namna mambo yanavyokwenda: mtandao ukizingua Chicago mtu anafidiwa. Mtandao unazingua Ilongero kila mvua ikinyesha, nani analeta Lugia?

Mtasema, lakini promosheni ni promosheni, hata soda zina zawadi chini ya kizibo. Asante, huo mfano ndio nautaka. Soda ya promosheni ikifika Ilongero inafika na kizibo chake. Mtoto anakwangua, anakuta "jaribu tena", anatupa, maisha yanaendelea. Alikosa kwa bahati, kama alivyokosa wa Kariakoo. Hakuna anayemwambia "pole, vizibo vyenye zawadi vinafunguliwa Chicago tu". Kizibo nakikubali. Kinachonikera ni promosheni ambayo mtu kashindwa kabla hajanunua.

Na msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Mwaka 2018, huyohuyo Mew alipoingia Pokémon GO, hakukuwa na duka wala tiketi. Uliwekewa orodha ya kazi: kamata hiki, pigana pale, kuza yule, ukimaliza zote Mew wako. Dogo alimpata. Ilimchukua muda mrefu sana kuliko mwenzake wa mjini, alichelewa kwenye hatua ya kumsaka Ditto mpaka akaota, lakini alimpata. Nilimuuliza kwenye simu, kati ya Mew wako na wale wa akaunti ya kununua, yupi ulimpenda zaidi? Akajibu haraka, "Mew, kaka. Yule nilimhangaikia." Sasa kwa nini ulinunua? Hapo akachelewa kidogo. "Kwenye grupu la WhatsApp kila mtu anao. Nikituma picha zangu wanauliza hivi huko kwenu mna umeme?"

Nikaelewa. Nyie mnaojipiga picha na viatu vya kuazima mmeelewa pia, msijifanye.

Kuna kitu kingine kinachonichekesha kwenye sakata hili. Yupo kiumbe anaitwa Tropius. Mnyama mwenye shingo ndefu, mgongoni majani mapana kama ya mgomba, shingoni ananing'iniza matunda kama ndizi. Kwa kawaida anapatikana Afrika na vipande vichache vya jirani, basi. Wachezaji wa Marekani wanamtafuta huyo kama sisi tunavyotafuta viza. Dogo anao kibao. Anawakamata kando ya njia akipeleka mbuzi, Singida, mahali ambapo hata mgomba wenyewe ni wa kubembeleza kwa maji. Akamwambia staa, kaka kabla hatujafanya biashara, si tubadilishane tu, nikupe Tropius? Staa akacheka. Sababu ni kwamba gemu lilipoleta kubadilishana mwaka 2018 lilitaka mkae karibu, ndani ya mita 100 hivi. Na wale wa hadhi ya Mew, ukiacha mmoja wawili, hawabadilishwi kabisa hata mkikaa kitanda kimoja. Kwa hiyo utajiri wa dogo ni wa kweli ila hauna soko, kama vitunguu mwaka wa mavuno mengi. Mwenye kiumbe cha Chicago anajulikana kuwa ana kitu adimu. Mwenye kiumbe cha Ilongero anaitwa mshamba. Adimu kwa nani, hapo ndipo pa kuuliza.

Nilikwenda nyumbani wikiendi hii. Alizeti zimeshakatwa, zimelazwa uani, mama mdogo anapiga vichwa kwa fimbo. Akaniita pembeni, sura imemshuka. "Mwanangu, ongea na mdogo wako. Kuku tisa kawapeleka kwenye kubeti."

Nikamtazama dogo. Dogo akatazama chini.

Usiku ndipo aliponiambia. Mama alipouliza kuku wako wapi, alifikiria aanzie wapi. Kuna wanyama ndani ya simu, ambao siyo wanyama, waliotolewa kwenye sherehe Ulaya, ambao mtu wa Dar alikuwa nao, nikamlipa, halafu akawachukua. Akaona bora aseme alibeti. Kubeti mama anakujua. Jirani kabeti, mjomba kabeti, mchungaji kahubiri kuhusu kubeti. Kijana mzima ambaye hajawahi kuweka mkeka hata wa mia tano, amejipakazia kubeti nyumbani kwao kwa sababu ukweli ungemfanya aonekane mjinga zaidi. Na sasa mama mdogo kafunga banda la kuku kwa kufuli, ufunguo anatembea nao kwenye kanga.

Hicho ndicho nyie mlichokuwa mnakichekea, na mimi nikiwemo.

Kuna watakaosema namwonea staa, mbona aliyeichukua akaunti anaweza kuwa mtu mwingine, labda na yeye aliinunua kwa mtu. Inawezekana. Akaunti hizi zinapita mikono mitano kabla hazijafika kwako. Lakini hela ilipokelewa kwa namba yake, jina lilitokea kwenye muamala, na badala ya kusema "dogo, na mimi nimepigwa, tuone tunafanyaje", alichagua kutafuta kiki kwa machozi ya mtu. Mtu anayetengeneza maudhui kwa kumcheka aliyemlipa, mimi nina jina lake, sema wahariri hawataniruhusu.

Jumapili jioni tulitoka na dogo mpaka barabarani, anacheza kwenye akaunti yake ya zamani, ile ya Mew wa jasho. Akasimama ghafla. Kwenye kioo kilichopasuka kuna Tropius. Akabakiza mipira mitatu, akarusha miwili ikaruka pembeni. Wa tatu ukashika. Hakushangilia, akauhifadhi tu na wengine, akaniuliza kama kesho asubuhi nitampitisha mjini akazungushe vituo.

Staa, najua unapita hapa, huwa unatukomentia kwa akaunti ya pili. Ni 180,000. Namba ya dogo unayo, umeibloki tu. Na ukituma, ongeza na sentensi moja ya maandishi ambayo anaweza kumwonyesha mama yake kwamba hakubeti.