MAJI KWANZA, KISU BAADAYE

Tarehe 7 Desemba, 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo umo katika Jamhuri ya Czech, Dakta Eduard Zirm alimpasua kibarua aliyepofushwa macho yote mawili na chokaa. Alimpandikiza konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, iliyotoka kwa mtoto ambaye jicho lake halikuweza kuokolewa. Jicho moja lilishindikana. La pili likaona tena.

Habari hiyo ni ya kutia moyo, lakini wananchi wasidhani kwamba kila jicho lililoungua laweza kubadilishwa kioo kama dirisha. Chokaa ni adui mbaya hata kuliko tindikali ya betri. Tindikali hugandisha nyama ikajizibia njia. Chokaa huiyeyusha na kuzidi kupenya. Huua pia zile chembe zilizo ukingoni mwa konea ambazo kazi yake ni kuzaa ngozi mpya ya kioo hicho. Zikifa, mishipa ya damu hukivamia, na konea ya kupandikizwa nayo huharibika.

Ndiyo maana mwaka 1989 madaktari Kenyon na Tseng walieleza njia ya kuchukua sehemu ya ukingo huo katika jicho zima la mgonjwa na kuipandikiza katika lile lililoungua. Mwaka 2012 wenzao wa Hyderabad, India, walionyesha kuwa kipande cha milimita 2 kwa 2, kikikatwakatwa na kutawanywa juu ya jicho, chatosha. Lakini aliyeungua yote mawili hana pa kujikopea. Hupewa cha nduguye, kisha hutumia dawa kwa muda mrefu ili mwili usikikatae.

Sisi askari hatukufundishwa kulenga shabaha kabla ya kufundishwa usalama wa silaha. Basi inatusikitisha kuona vijana wakikoroga chokaa na saruji macho wazi, na maji yako mbali. Jicho likipatwa, lifumbuliwe na kumiminiwa maji safi papo hapo, kwa nusu saa au zaidi, na punje za chokaa zitolewe hata chini ya kope, kisha hospitali. Si maziwa, si majani, wala si kungoja gari kwanza.

Tunawataka wasimamizi wa ujenzi na wenye karakana waweke pipa la maji safi na miwani ya kazi kabla vibarua hawajafungua mfuko wa kwanza kesho asubuhi.