Nyumba Yetu: Jiko Jipya na Kazi za Moto

Ukipita siku hizi katika maduka ya Karatu mjini hutakosa kuona bidhaa zinazosifiwa kuwa ni rafiki wa mazingira. Kuna mitungi midogo ya gesi, majiko banifu, mkaa mbadala, masufuria ya presha ya umeme, na taa za sola za kila umbo. Nyingi ni nzuri kweli. Lakini fedha ya nyumbani ni ile ile ya unga na ya sare za shule, na wako akina mama ambao mtungi wao wa gesi umegeuka kuwa pambo pembeni mwa jiko, huku mafiga matatu yakiendelea na kazi kama zamani. Kwa nini inakuwa hivyo? Hebu tulizungumze jambo hili mwezi huu.

Kwa maoni yangu, sababu moja kubwa ni kwamba muuzaji hutueleza habari za kupika tu, na moto wa kuni haufanyi kazi ya kupika peke yake. Fikiria boma la Kimaasai karibu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa Julai kule ni ukungu na baridi kali. Moto uliochemsha chai ndio huo huo unaowapasha watoto joto, na ndio unaomulika ndani ya enkaji. Ukimpelekea mama wa boma hilo mtungi wa gesi umemsaidia katika kazi moja kati ya tatu. Giza likiingia atawasha kuni, na wala si haki kumlaumu.

Hata hivyo moshi wa kuni si jambo la kuzoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokaa karibu na jiko, yaani mama na mtoto aliye mgongoni mwake. Kwa mtoto mdogo moshi huo huongeza hatari ya nimonia.

Basi kwa nyumba za nyanda za baridi, swali la kwanza liwe: moshi utatokaje na joto libaki? Wilayani Monduli, jirani na Ngorongoro, mradi uitwao Maasai Stoves and Solar umewafundisha wanawake wa Kimaasai kujenga wao wenyewe majiko ya matofali yenye bomba la kutolea moshi nje. Jiko la namna hiyo hula kuni chache kuliko mafiga, matofali yake hushika joto, na nyumba haijai moshi. Mimi naliona linamfaa mama wa Ngorongoro kuliko mtungi. Sharti lake ni moja: bomba lisafishwe masizi mara kwa mara, la sivyo moshi utarudi ndani.

Kazi ya mwanga ichukuliwe na taa ya sola. Hapa sina la kubishana. Koroboi hutoa masizi usiku kucha, na likipinduka huunguza mtoto au nyumba nzima. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, anza na taa.

Sasa neno zito kidogo. Mkaa mbadala umeanza kuenea. Mwingine hutengenezwa kwa takataka za mashambani, na ule unaoitwa Rafiki Briquettes, wa Shirika la Madini la Taifa, hutokana na makaa ya mawe. Faida yake ni kwamba miti haikatwi. Lakini jina zuri lisitufanye tusahau kwamba mkaa wowote, wa mti au mbadala, ukiwaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala ili kupasha joto, hata kama makaa yamekwisha kuwa mekundu na moshi hauonekani. Watu wamelala hivyo na hawakuamka.

Tukishuka Karatu mambo ni tofauti. Mama wa Rhotia au Mbulumbulu anayefuga ng'ombe wa maziwa zizini ana mali ambayo mwenzake wa bomani, mwenye ng'ombe wanaoshinda malishoni, hawezi kuikusanya kwa urahisi. Samadi ya ng'ombe wawili au watatu, ikichanganywa na maji kiasi kile kile kila siku, huweza kuendesha mtambo mdogo wa biogesi. CAMARTEC ya Arusha iliendesha mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009, na mafundi wengi wa ujenzi walifundishwa. Tope linalotoka baada ya gesi kutumika ni mbolea nzuri ya migomba na mboga. Kujenga ni ghali, siwafichi, na mahali ambapo maji huchotwa mbali mtambo huo huwa mzigo. Lakini kila mzigo wa kuni unaookolewa ni safari moja pungufu ya kwenda msituni, na Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini unaopakana na mashamba ya Karatu ndio chanzo cha maji yetu. Aliyewahi kukutana na nyati akitafuta kuni hahitaji kushawishiwa.

Na mtungi wa gesi je? Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mitungi imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku. Sawa, lakini kuujaza tena ni juu yako. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aupime kwa mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, nawe utatoa mwenyewe. Ukisikia harufu ya gesi, fungua milango na usiwashe wala kuzima taa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni.

Gesi inafaa chai, mayai, mboga na ugali wa haraka. Inapotushinda ni kwenye makande, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye mafiga. Walio na umeme wajaribu sufuria la presha. Maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Huko ukingoni mwa kreta lina faida ya ziada, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, na maharage huchelewa mno kuiva.

Asiye na umeme atengeneze kapu la kuhifadhi joto, kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Chukua tenga kubwa lenye mfuniko, lijaze mabua makavu ya ngano, acha shimo la kutosha sufuria, na utandike blanketi kuukuu. Loweka mahindi yaliyokobolewa na maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya kwa nguvu nusu saa. Kule Ngorongoro ongeza robo saa. Funika sufuria, liweke kapuni likiwa bado linatokota, lifunike vizuri na usilifunue kuchungulia kwa saa nne au tano. Halafu lirudishe jikoni lichemke tena kabla ya kupakua. Vitunguu vya Mang'ola vikaangwe kando na kutiwa mwishoni.