Nani Alipe Nauli ya Mtumbwi?



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tuliketi wachache nyuma ya kanisa tukizungumza habari za shule. Mmoja wetu, ambaye husikiliza sana redio za Afrika ya Mashariki, alitusimulia ugomvi wa huko Kenya: serikali za kaunti na serikali kuu zinabishana ni nani mwenye ruhusa ya kutoa fedha kwa ajili ya wanafunzi. Kisha akauliza, “Na wale wa visiwani, wanaovuka maji kwenda masomoni, nani analipa mtumbwi wao?” Mwingine akacheka, akasema kwamba sisi watu wa Kikula hatuna kisiwa, tuna vumbi na malori. Tukacheka sote, tukaagana. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na leo napenda kulirudia, kwa maana nadhani tulicheka mapema mno.

Tuutazame kwanza ugomvi wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47, na katika Jedwali lake la Nne ikazigawa kazi: hizi za taifa, hizi za kaunti. Shule za msingi na za sekondari ziliwekwa upande wa taifa. Kaunti zilipewa elimu ya watoto wadogo wa chekechea, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini Jedwali lilelile linazikabidhi kaunti usafiri wa ndani, ikiwa ni pamoja na vivuko na bandari ndogo. Mnamo Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti alitoa waraka akizikataza kaunti kutoa basari kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo bila mkataba rasmi na serikali kuu, kwa hoja kwamba kazi hiyo si yao. Magavana walipinga vikali, na shauri likafika mahakamani.

Sasa mchukueni mtoto wa Lamu mkamweke katikati ya maandishi hayo. Kaunti ile ina visiwa vinavyokaliwa na watu: Lamu yenyewe, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu. Katika kisiwa cha Manda kuna kijiji cha Maweni, cha wachonga mawe, na watoto wa huko wanaosoma mjini Lamu hawana njia nyingine ila kuvuka mlangobahari. Dawati atakaloketi mtoto huyo ni la serikali kuu. Gati atakaloshukia ni la kaunti. Chombo ni cha mtu binafsi, anayenunua mafuta kwa fedha zake na anayetaka nauli asubuhi na jioni. Na mtoto mwenyewe, kwa dakika zile anazokuwa juu ya maji, ni wa nani? Mwenye dawati atasema bado hajafika kwake. Mwenye gati atasema huyo ni mwanafunzi, na wanafunzi si kazi yake.

Tena kuna jambo ambalo sisi tuliozaliwa mbali na bahari hatulifahamu upesi. Pwani ile ina pepo mbili kuu, kaskazi na kusi. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na katika Juni na Julai huwa kali kiasi cha wavuvi wazoefu kuviacha vyombo vyao ufukweni. Muhula wa pili wa shule za Kenya huanza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, ukaisha mwezi wa Agosti. Muhula mzima, basi, umeketi ndani ya kusi. Aliyeandika kalenda ya shule aliiandika Nairobi, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Hakuwa tu na sababu ya kuuwazia upepo. Diwani wa kisiwani angeuwazia. Ndiyo maana mambo ya namna hii hayawezi kuamuliwa na watu wa juu peke yao.

Hapa wengine wenu mtakumbuka mafundisho juu ya kanuni auni, aliyoieleza Papa Pius wa Kumi na Moja katika waraka wake wa mwaka 1931: lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda vema, jumuiya kubwa isilinyang’anye. Tunaipenda kanuni hiyo kwa sababu inalinda familia, kijiji na chama dhidi ya mkono mzito wa dola. Lakini neno lenyewe ni auni, yaani msaada. Mkubwa anakatazwa kumpokonya mdogo kazi yake. Hapewi ruhusa ya kumtazama akishindwa. Ninapowasikia wakuu wakisema “hilo si la ngazi yetu”, najiuliza wanaisoma nusu gani ya kanuni. Iwapo kaunti haina fedha za mafuta ya mashua, serikali kuu inadaiwa auni. Na iwapo serikali kuu inachelewa, kaunti iliyo karibu na maji haiwezi kujificha nyuma ya Jedwali la Nne, ambalo, kwa vyovyote, limeipa vivuko.

Msidhani ni habari ya nauli tu. Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilichotoka Bugolora, katika visiwa vya Ukerewe nchini Tanzania, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 200, na ilikuwa siku ya soko. Watu walijazana kwa sababu kilikuwa ndicho kivuko kilichokuwapo. Anayetaka kurudi nyumbani kabla ya giza hahesabu vichwa. Na kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama katika ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, huku watu wa ufukweni wakiitazama. Vita ilikuwa imeifunga barabara, watu wakageukia maji. Katika ziwa hilohilo kiko Idjwi, kisiwa kikubwa, teritori nzima yenye usultani mbili, Rubenga na Ntambuka, ambako kwenda Goma au Bukavu kwa ajili ya masomo ya juu, hospitali au biashara ni lazima kupanda chombo. Kijana wa Idjwi akitaka chuo kikuu cha mjini, safari yake inaanzia majini, bila kujali wazazi wake wana shilingi ngapi za jaketi ya kuokoa maisha.

Nimesikia majibu mawili dhidi ya hoja yangu, na yote mawili yanastahili kusikilizwa.

La kwanza linasema: wajengewe bweni, wakae shuleni, wavuke mwanzo na mwisho wa muhula tu. Kwa wanafunzi wakubwa bweni laweza kuwa jibu jema, na palipo na kusi kali huenda likawa jibu bora kuliko mashua yoyote. Lakini bweni lina ada, lina chakula, lina godoro. Mzazi aliyeshindwa nauli ya mtumbwi hataweza bweni. Tena kumtoa mtoto wa miaka saba au minane mikononi mwa mama yake, eti kwa sababu wakubwa wawili hawakubaliani juu ya mafuta ya mashine, ni kumtoza mtoto gharama ya ugomvi usio wake. Na mara nyingi anayebaki nyumbani kwanza ni binti. Mzazi mwenye nauli ya mtoto mmoja humpa mvulana. Hilo halihitaji bahari ili kutokea, tunaliona hapahapa.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami nakiri lilinisumbua. Linasema: mbona mtoto wa kisiwani alipiwe, ilhali mtoto wa bara anatembea kilometa sita au nane asiulizwe na mtu? Ni kweli. Ukisema “kisiwa”, watu wanahurumia. Ukisema “kijiji cha mbali”, wanapiga miayo. Nadhani kosa liko katika kupima kwa jina la mahali. Nchini Uingereza sheria inaitaka halmashauri impeleke mtoto bure shuleni ikiwa shule inayomfaa iko mbali zaidi ya maili mbili kwa mtoto aliye chini ya miaka minane, au maili tatu kwa aliyezidi umri huo, yaani kilometa 3.2 na 4.8. Lakini sheria hiyo haikuishia kwenye umbali. Hata mtoto anayeishi karibu, ikiwa njia yake si salama kutembea kwa miguu, naye ana haki. Halmashauri za huko zinanung’unika sana juu ya gharama hiyo, na kila mwaka kuna wazazi wanaobishana nazo juu ya njia ipi ni salama na ipi si salama. Ubishi huo siuonei aibu. Wao angalau wanabishana juu ya njia ya mtoto. Mwenye wajibu wa kuilipia anajulikana.

Hatari na umbali, basi, ndivyo vipimo. Na hapa ndipo Kikula inaingia.

Wazee wetu wa Likasi hukumbuka enzi za kampuni. Union Minière, na baada yake Gécamines tangu mwaka 1967, ilimjengea mfanyakazi nyumba, ikamtibu, ikawasomesha watoto wake katika shule zilizokuwa karibu na kambi. Sisifu kila kitu cha enzi zile. Aliyekuwa nje ya orodha ya kampuni alikuwa nje kwelikweli. Lakini umbali kati ya mlango wa nyumba na mlango wa shule ulikuwa jambo lililopangwa na mtu. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya tisini, hakuna aliyeurithi umbali ule. Mji ukapanuka, shule zikabaki zilipokuwa, na watoto wakaanza kutembea.

Tangu Septemba 2019 serikali inatekeleza lile lililoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba yetu, kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Ni jambo kubwa, na watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Lakini ubure huo unaanzia mlangoni mwa shule. Mtoto anayetoka pembeni mwa mji anavuka barabara ya taifa namba 1, ile inayotoka Lubumbashi kupitia kwetu kuelekea Kolwezi, pamoja na malori ya shaba na kobalti na yale ya asidi. Katika mvua, kuanzia Novemba, vijito ambavyo wakati wa kiangazi huvukwa kwa hatua mbili hujaa hadi mbavuni mwa mtoto. Wenye uwezo huwalipia pikipiki, zile tuziitazo manseba, watoto watatu nyuma ya dereva mmoja. Wasio na uwezo huwaambia, “Leo kaeni.” Hivyo ndivyo kisiwa kinavyozaliwa katikati ya nchi kavu.

Nani wa kuulizwa? Shule nyingi zetu ni za mkataba: serikali inalipa walimu, Kanisa linasimamia, kufuatana na makubaliano ya mwaka 1977. Kwa hiyo hatuwezi, sisi Wakatoliki, kuinyooshea serikali kidole na kuyasahau madawati yaliyo chini ya usimamizi wetu wenyewe. Mkoa nao una mamlaka yake juu ya elimu. Komini ipo, na sheria ya mwaka 2008 juu ya ugatuzi inaitaka iwe na baraza lililochaguliwa na wakaaji wake. Lakini uchaguzi wa wajumbe wa mabaraza ya komini uliofanyika Desemba 2023 ulihusu miji mikuu ya mikoa, na Likasi si mji mkuu wa mkoa. Watu wa Lamu wanalalamika kwamba wakubwa wao wanagombana. Sisi hatuna hata diwani wa kugombana kwa niaba yetu; anayeketi ofisini ameteuliwa kutoka juu, na huko juu ndiko anakotazama.

Msininukuu vibaya: simdharau mtu yeyote aliye katika ofisi ile. Nasema tu kwamba mahali pasipo na baraza, ni lazima mtu mwingine alete hesabu. Nanyi mnaweza. Kila parokia ya mji huu ina kikundi cha vijana, na kila kikundi kina watu watano wenye daftari na saa. Wakae asubuhi tatu, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, kwenye sehemu ambapo watoto wanavuka barabara kuu, na kwenye vijito wanavyopita wakati wa mvua. Waandike wangapi wamevuka, wa umri gani kwa kukadiria, wangapi peke yao bila mkubwa, wangapi juu ya pikipiki moja. Wasiandike jina la mtoto hata mmoja. Waende pia kwa wakuu wa shule kuuliza mahudhurio ya Januari na Februari yakilinganishwa na yale ya Septemba. Mwalimu yeyote mwenye rejista anaweza kulijibu hilo kwa nusu saa.

Kisha iandikwe barua moja, fupi, yenye nakala tatu: kwa komini, kwa ofisi ya shule za mkataba, na kwa wabunge wetu wa mkoa. Msiombe basi la rangi ya manjano kama lile la sinema. Ombeni matuta ya kupunguza mwendo wa malori mbele ya shule, madaraja mawili ya miguu, na mtu mzima mwenye filimbi na bendera saa za kuingia na kutoka. Kikao cha Septemba cha bunge la mkoa ndicho kinachopitia bajeti, kwa hiyo barua iwe imefika mwezi wa Agosti. Mimi nimeshaomba nafasi ya asubuhi ya Jumanne, upande wa barabara kuu. Bado tunatafuta watu wa upande wa kijito.